Mwaka Tulioacha Unga Mweupe

Unga wangu ulikuwa mweupe kuliko unga wa mwanamke yeyote pale Makambako. Hapana, nimeanza kwa kutia chumvi. Kulikuwa na mwanamke mmoja upande wa njia ya Njombe ambaye wake ulilingana na wangu, na siku za jua kali labda ulinishinda. Lakini upande wetu, njia ya kwenda Mbeya, hakuna aliyenifikia. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwa mtu wa kumwaga sifa, aliwahi kuuchota kwa vidole viwili mbele ya wageni akasema, "Tazameni. Nzi akitua hapa ataonekana kutoka barabarani."

Nayaandika haya nikiwa na madaftari yangu ya zamani mezani. Yako matatu, yameliwa na mende pembeni, na mwandiko wake unanitia aibu, kwa sababu niliishia darasa la tatu katika shule ya misheni karibu na Njombe na sikupata kurudi. Nimeyaleta hapa kwa kuwa kumbukumbu yangu ina tabia ya kunipendelea. Yapo mambo katika habari hii ambayo nimeyasimulia miaka yote kwa namna moja, kumbe daftari linasema vingine. Pale vinapopingana nitasema.

Kwetu Ubena, siku zile Waingereza walipokuwa bado wanatutawala, msichana akiolewa hakuulizwa kama anajua kusoma au kushona. Aliwekewa kinu. Mahindi yalikobolewa, yakapetwa, yakalowekwa siku tatu mpaka yakaanza kunuka uchachu, yakaoshwa mpaka maji yakatoka kama ya kisimani, yakaanikwa, yakatwangwa tena, ndipo yakachekechwa. Ganda lilitoka, kiini cha punje kikatoka, na chochote chenye rangi kikaenda kwa kuku. Dona, yaani unga uliosagwa na maganda yake, ulikuwa wa wavivu, wa wafungwa, na wa msiba wa ghafla ambapo hakuna muda wa kuloweka. Mama mkwe alikaa juu ya kigoda siku yangu ya kwanza ya kupika, akaukata ugali wangu katikati kwa mwiko, akautazama ndani kama mtu anayekagua jeraha, akasema, "Haya." Lile "haya" nililibeba kifuani miaka mitatu.

Mume wangu alikuwa katika kambi ya watu wa barabara, wale waliokuwa wakijaza mashimo na kuchimba mifereji kwenye barabara kuu. Alilala huko huko kambini na kuja nyumbani Jumamosi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu wanawake watatu: mimi, mama mkwe ambaye alikuwa mjane, na binti yangu wa kwanza. Bibi yake alimwita "mke mwenzangu", kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na ugomvi wao juu ya marehemu babu ulikuwa haumaliziki.

Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu, anatembea vizuri, mimba ya pili ilipojitokeza. Nikamwachisha ziwa siku ile ile. Ilikuwa inajulikana kwamba maziwa ya mwenye mimba ni ya yule aliye tumboni na yanamdhuru aliye nje. Nikapaka shubiri kwenye matiti, akalia siku mbili, akanyamaza. Sasa ale nini? Ale kilicho bora. Na kilicho bora kilikuwa unga wangu. Nilimpikia uji wake peke yake, katika sufuria yake peke yake, na unga wa sufuria ile nilikuwa nikiuchekecha mara tatu. Maharage tulisema ni mazito kwa tumbo la mtoto. Mboga za majani zingemharisha. Mayai hatukuyafikiria kabisa, kwa sababu msichana anayekula mayai, walisema wakubwa, atapata taabu ya kuzaa. Basi akanywa uji mweupe asubuhi, mchana na jioni.

Na akanenepa. Au tuliona ananenepa. Mashavu yakajaa, miguu ikajaa, macho yakabaki madogo katikati ya uso. Wanawake waliopita walimsifu. Mama mkwe akambeba mbele yao.

"Mke mwenzangu anazidi kunona," akasema. "Mume wetu akifufuka leo, mimi nimeachwa."

"Wewe uliachwa zamani, bibi," jirani mmoja akamjibu. "Hivi alikufa kwa ugonjwa au kwa kukukimbia?"

Tukacheka wote isipokuwa mtoto. Nimeiona sentensi hiyo kwenye daftari: "Wamecheka wote, yeye hakucheka." Niliiandika bila kujua nimeandika nini.

Baada ya hapo akaacha kutembea. Alikaa kwenye ukuta wa jua, upepo wa Makambako ukimpiga usoni, akigunaguna tu. Ukimgusa alilia, ukimwacha alilia. Nywele zake zilififia zikawa laini na nyekundunyekundu kama ndevu za hindi bichi. Ngozi ya miguu ikawa inabanduka. Mimi nilisema ni baridi.

Mwanzoni mwa Kwaresima wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alifika kutoka Njombe juu ya lori lililokuwa limepakia magome ya miti ya miwati, yale ya kulainishia ngozi. Aliolewa Njombe na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea sokoni. Alinisalimu, "Kamwene," nikajibu, akampita mama yake, akaenda moja kwa moja kwa mtoto. Akamfunua miguu. Akatazama tumbo langu.

"Huyu mmembemenda," akasema.

Kwa asiyejua, kubemenda mtoto ni kosa la wazazi: kukutana kama mume na mke kabla mtoto hajaachishwa ziwa, au mmoja wao kutoka nje ya ndoa, na mtoto ndiye anayelipa. Tumbo langu lilikuwa limekwisha jibu.

"Kanona tu," mama mkwe akasema.

"Mama, huku si kunona. Nitakuja kumchukua Pasaka. Sasa njia ni matope, na kwangu hakuna nafasi. Pasaka nitakuja na nguo ya kumbebea."

Ilikuwa haki yake. Mtoto aliyeachishwa kwenda kwa shangazi lilikuwa jambo la kawaida, na mama aliyembemenda mtoto hakuwa na mdomo wa kukataa. Nataka nimtendee haki wifi yangu. Alikuwa amelea watoto wanne wa kaka zake, kwa chakula chake na kwa mgongo wake, na hakumdai mtu shukrani. Watatu ni watu wazima hadi leo. Wa nne alizikwa Njombe, na niliwahi kumwona kabla hajafa. Usiku wa siku ile sikusema na mtu nililofikiri. Niliandika tu: "Yule wa nne alikuwa mnene pia."

Jumatatu nikambeba mtoto kwenda zahanati. Dresa, mganga msaidizi wa pale, alikuwa mtu mfupi wa Upangwa, mwenye koti jeupe lililomfika magotini. Nilianza kusema mimi ili nisisemwe.

"Kanona sana, lakini hatembei."

"Kanona?" Akambonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu, akatulia kidogo, akaachia. Kishimo kikabaki pale pale. "Nyama ya mtu ukiibonyeza inarudi, mama. Hii imerudi?"

"Haijarudi."

"Basi haya ni maji. Anakula nini?"

"Uji."

"Wa nini?"

"Wa mahindi. Mweupe kabisa, nauchekecha mara tatu."

"Na nini tena?"

"Chumvi."

"Na nini tena?"

"Jioni uji tena."

Nilingoja anigombeze, na labda ningefurahi kama angenigombeza, kwa maana ningejua la kufanya na uso wangu. Badala yake akaniuliza mume wangu anafanya kazi gani. Nikamwambia.

"Mumeo akipelekewa kuni tupu, hana mawe, hana kokoto, atatengeneza barabara?"

"Atakoka moto tu."

"Ndiyo. Ugali ni kuni. Unamkokea mtoto moto kila siku, na hakuna unachomjengea. Maharage, karanga, maziwa, dagaa, mayai, hayo ndiyo mawe yake. Na majani ya maboga usimnyime. Umpe kidogo kidogo, mara nyingi, tumbo lake sasa ni kama ngumi. Akigoma kula kabisa, au akipata homa, usinisubiri mimi. Panda lori umpeleke hospitali."

Akanipa maziwa ya unga kidogo katika kopo, akasema yakiisha hana mengine.

"Kwa hiyo hatukumbemenda?" nikamwuliza.

"Ulimwachisha mapema na ukampa kuni. Kama hilo mnaliita kubemenda, sawa, lakini dawa yake iko chunguni."

Nyumbani mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Huyo dresa amezaa watoto wangapi?"

"Sikumwuliza, mama."

"Ungeanza na hilo."

Hapa ndipo daftari na mimi tunapoachana. Miaka yote nimewaambia watu kwamba mimi ndiye niliyewatazama kuku nikaelewa. Nimelisema kanisani, nimelisema kwa wanangu. Daftari linasema hivi: "Asubuhi mama kaniita nje, kasema tazama kuku." Kwa hiyo ni yeye. Alikuwa amesimama uani, pumba za mahindi yangu, vile viini na yale makapi, zimemwagwa chini pamoja na maganda ya maharage na masazo ya chungu cha jana. Kuku walikuwa wanang'aa. Jogoo alikuwa na manyoya kama amepakwa mafuta. Na kwenye ukuta wa jua mtoto amekaa, ngozi inambanduka.

"Hawa," mama mkwe akasema, "tunawalisha vizuri kuliko mke mwenzangu." Kisha akaongeza, "Zamani, mwaka wa nzige, tulikula kila kitu na ganda lake. Ulezi, maharage, majani. Tulikonda, lakini sikumbuki mtoto aliyevimba namna hii."

Hakukiri kwamba dresa alisema kweli. Alisema tu kwamba kuku hawadanganyi.

Tukaanza siku hiyo hiyo. Mahindi yakatwangwa bila kulowekwa wala kukobolewa, yakachanganywa na ulezi aliokuwa ameuweka kwa ajili ya pombe. Maharage tuliyachemsha mpaka yakapasuka, tukayamenya yakiwa ya moto, vidole vikiungua, tukayaponda kwa mwiko na kuyakoroga ndani ya uji. Karanga zikakaangwa na kutwangwa. Majani ya maboga yakakatwa madogo kama tumbaku. Kila kitu kilikuwa kinyume cha nilichofundishwa. Uji ule ulikuwa na rangi ya tope la barabarani, na kinu changu kilinuka maharage.

Juu ya mayai mama mkwe alikataa katakata. Nilijaribu mara mbili.

"Mawe mengine yote mpe," akasema. "Hilo hapana. Nataka vitukuu."

Hakulegeza jambo hilo mpaka alipoingia kaburini. Na kwa kuwa mtoto alipona bila yai hata moja, siwezi kujidai kwamba nilimshinda. Nasema tu kwamba mimi wanangu wengine niliwapa mayai, na wajukuu ninao wengi.

Mtoto mwenyewe hakutaka. Alitema. Aligeuza uso. Siku tatu za kwanza nilimlisha kwa kijiko cha chai nikilia, na nilichomlisha kilikuwa zaidi kwenye nguo yake kuliko tumboni. Ni bibi yake aliyepata njia. Alikaa chini mbele yake, akachukua kijiko, akakifikisha kwenye mdomo wake mwenyewe.

"Usile, mke mwenza. Usile kabisa. Nitakula mimi ninenepe, mume aniite mimi peke yangu. Wewe kaa hivyo hivyo."

Akakila kweli, akajilamba. Mtoto akamtazama kwa chuki. Mara ya nne au ya tano akafungua mdomo, nadhani kwa wivu tu.

Jumamosi mume wangu akaja na wenzake wawili wa kambini. Nilikuwa sina unga mweupe hata kiganja, kwa sababu kutwanga namna mbili nisingeweza na tumbo langu lile. Nikaweka ugali wa dona mezani, na maharage, na majani yenye karanga. Mume wangu akautazama.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkwe akasema kutoka jikoni, bila kunyanyua sauti, "Hajafa mtu. Ndiyo maana tunakula huo. Mimi ndiye niliyeagiza."

Hakuwa ameagiza yeye. Tuliafikiana. Lakini alijua kwamba likiwa la kwangu litazungumzwa kambini wiki nzima, na likiwa la kwake litaliwa. Likaliwa. Mmoja wa wale wageni akamega mara nyingi kuliko mwenyeji wake, akasema ugali ule unakaa tumboni, si kama ule wa kambini unaoisha kabla hujashika sururu. Wiki iliyofuata mume wangu alileta dagaa wa Nyasa waliofungwa kwenye gazeti. Sikumwomba.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo singependa kuiandika. Wiki ya tatu mtoto alikonda. Yale mashavu yakaenda, ile miguu ikaenda, na ndani yake kikatoka kitoto chenye mbavu, shingo kama bua, matako yamekunjamana kama ya mzee. Kila siku nilimlisha na kila siku akapungua. Kisimani wanawake wakaacha kuongea nilipofika, kisha mmoja akashindwa kujizuia.

"Ulimpeleka mnene, umerudishiwa mifupa. Dresa wako ana kisu kikali."

"Pasaka si mbali," mwenzake akasema. "Shangazi yake atakuja kuchukua nini?"

Katika daftari kuna ukurasa uliochanwa. Niliuchana mimi, na ninakumbuka vizuri kilichokuwa ndani yake. Niliandika kwamba nimemwua mtoto wangu kwa maharage. Kesho yake mama mkwe alipokuwa shambani, nilikwenda kwa jirani kuazima unga mweupe, nikampikia mtoto uji kama wa zamani, bila kitu ndani. Nilitaka mashavu yale yarudi kabla wifi hajafika. Nililijua dresa alilosema, nilikiona kile kishimo kwa macho yangu, na bado nikapika. Sina udhuru wa kujitetea zaidi ya huo kwamba niliogopa.

Mama mkwe alirudi mapema kwa sababu ya mvua. Akaiona sufuria. Akakaa.

"Umechoka?"

"Nimeogopa, mama."

"Na mimi naogopa," akasema. "Unadhani mimi nalala?" Kisha akavuta chungu cha maharage, akachota mwiko mzima, akautumbukiza ndani ya uji ule mweupe, akakoroga. Hakuumwaga, kwa sababu chakula hakimwagwi. "Mlishe. Kesho tutakwenda wote kwa huyo asiyezaa."

Tulikwenda. Alimbeba yeye, mimi nikiwa nyuma na tumbo langu, na njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kumwambia dresa. Dresa akambonyeza mtoto mguuni mbele yetu. Ngozi ikarudi juu mara moja.

"Maji yametoka," akasema. "Bibi, ulikuwa umebeba ndoo. Sasa ndiyo unamwona mtoto mwenyewe."

"Mtoto mwenyewe ndiyo huyu?"

"Ndiyo huyu. Alikuwa amekonda hivi tangu mwanzo, maji yakamficha. Sasa kila anachokula kitakaa."

Mama mkwe akamtazama mtoto kwa muda mrefu. "Kumbe tulikuwa tunasifu maji," akasema, na yale maneno yote aliyoyapanga njiani hakuyatumia.

Siku ya nne baada ya hapo, nilikuwa nachambua mboga, nikasikia mfuniko unaanguka. Mtoto alikuwa amesimama. Amesimama mwenyewe, mkono mmoja ameshika ukingo wa chungu kilichopoa, mwingine umeingia ndani mpaka kwenye kiwiko, na usoni amejaa maharage. Alinitazama kama mwizi. Kisha akacheka. Daftari la siku hiyo lina mstari mmoja, na penseli imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka: "Kaiba maharage kasimama kacheka."

Wifi alifika Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Lori lilimshusha njia panda na tukamwona anakuja, kikapu kichwani na nguo mpya ya kubebea mtoto begani. Kikapuni alikuwa na viazi vya Ukinga, na mfuko wa unga aliokuwa ameutwanga mwenyewe. Nitasema ukweli: ulikuwa mweupe kuliko wowote niliowahi kutwanga.

Mtoto alikuwa uani anamkimbiza jogoo kwa kijiti. Alikuwa bado mwembamba. Nywele zilikuwa nyeusi mizizini tu, juu bado nyekundu, kama amevaa kofia ya mtu mwingine. Wifi akaweka kikapu chini, akamnyanyua.

"Amekonda."

"Ndiyo," nikasema.

"Mwepesi kama kuku. Nilimwacha na mashavu, mmemfanyia nini?"

"Yalikuwa maji, wifi."

"Maji! Mtoto ni mtungi?" Akambonyeza tumbo. Mtoto, ambaye hakumkumbuka na hakupenda kubonyezwa, akamwuma kidole. Aliuma kweli, na alikuwa na meno. Wifi akamshusha haraka.

"Nguvu za kuuma anazo," mama mkwe akasema.

"Mama, usinichekeshe. Nimekuja kumchukua, na kesho kutwa naondoka naye. Hebu nimpikie kwanza, huyu ana njaa."

Hakuna aliyemzuia. Sikuwa na haki, na mama mkwe alitaka, nadhani, yaonekane kwa macho. Wifi akapika uji wa unga wake mweupe, bakuli kubwa, akamweka mtoto mapajani. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama. Ningependa kusimulia kwamba mtoto aliusukuma ule uji mweupe akaukataa. Ingependeza. Lakini aliunywa wote, akalamba bakuli.

"Mmeona?" wifi akasema. "Alikuwa na njaa tu."

Mtoto akashuka mapajani, akaenda kwa bibi yake aliyekuwa anakula, akafungua mdomo. Akala maharage na dona mpaka bibi akasema, "Mke mwenza, niachie na mimi." Akatoka hapo akaenda kwa baba yake, akala dagaa mmoja, wawili, watatu, na kichwa cha wa nne. Kisha akarudi kwa shangazi, yule yule aliyemwuma, akasimama mbele ya sahani yake ya viazi akiwa amefungua mdomo kama kinda la ndege.

Wifi akampa kiazi. Akampa kingine. Alimtazama akitafuna, akamshika mguu tena, polepole safari hii, akabonyeza kwa kidole gumba, akaachia, akaangalia. Nadhani hata yeye hakujua anatafuta nini. Mguu ulirudi.

"Huyu atanimalizia ghala," akasema.

"Mchukue," mama mkwe akamwambia. "Si umekuja na nguo?"

"Nimchukue anifilisi? Na wale niliowaacha kule wale nini?"

Mume wangu akacheka kwanza, kisha sisi wote, na wifi akacheka akiwa amefunika macho kwa kiganja. Alicheka muda mrefu kuliko utani wenyewe ulivyostahili, na alipoondoa mkono uso ulikuwa umelowa. Sikumwuliza. Nilijua anamkumbuka yule wa nne, na yeye alijua kwamba najua.

Jumatatu ya Pasaka, asubuhi, alinikuta kwenye mafiga. Kwake Njombe alikuwa na mtoto mwingine wa kaka yao mdogo, aliyeachishwa ziwa wakati wa Krismasi. Aliniuliza maharage yanamenywa yakiwa ya moto au yakiwa yamepoa. Nikamwonyesha. Akaungua vidole, akatukana kidogo, akaendelea. Akauliza ulezi kiasi gani, na majani yakatwe namna gani, na kama karanga zikaangwe kwanza. Mimi, niliyekatwa ugali katikati na kukaguliwa, nilikuwa namfundisha dada mkubwa wa mume wangu kupika uji, naye alikuwa anarudia kila neno ili asisahau. Nilijihisi mrefu. Najua si vizuri kuandika hivyo, lakini nilijihisi mrefu kama mti wa mwati.

Mchana tulimsindikiza njia panda, mtoto akitembea kwa miguu yake, ameshika kidole cha bibi. Lori la Njombe lilikuwa limejaa wanawake waliotoka kula sikukuu. Mmoja aliyepanda pamoja nao, jirani yetu wa kisimani, akamsogezea wifi nafasi juu ya magunia.

"Mbona mgongo mtupu?" akamwuliza. "Ulisema umekuja kumchukua mtoto wa kaka yako."

"Nimemwacha," wifi akasema kwa ile sauti yake ya sokoni, ili walio nyuma nao wasikie. "Ana mama yake."